Nywele Fupi za Mama Numbi

Jumamosi ya harusi yangu naikumbuka, mwanangu, kuliko siku zote nilizoishi hapa Musonoi, mtaa huu wa Kolwezi, na si kwa furaha.

Leo wasichana wa Kolwezi wanatoka saluni na nywele zilizokatwa karibu na ngozi, wamependeza, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Zamani zetu haikuwa hivyo. Mwanamke mwenye nywele fupi namna ile aliulizwa swali moja tu: umefiwa na nani? Kwetu Waluba wa kaskazini, mjane alinyolewa kwenye kilio cha mumewe, na tangu siku hiyo kichwa chake kilikuwa cha watu wa marehemu. Hakuruhusiwa kuziacha nywele ziote wala kukipamba kichwa mpaka ndugu za mume waje wamwoshe, wampake mafuta ya mawese, wamvalishe kikwembe kipya na kumwambia: sasa umetoka kilioni.

Mama yangu, Mama Numbi, aliwangoja watu hao miaka minane. Baba alikuwa dereva wa mashine kubwa mgodini, na ugonjwa wa kifua ulimuua nikiwa bado msichana mdogo. Ndugu zake walikaa Kabalo, mbali kwa gari la moshi, na kila mwaka barua yao ilisema mwaka kesho. Mama hakunung'unika. Kila baada ya wiki chache aliketi uani na wembe na kipande cha kioo, akazipunguza mwenyewe. Sokoni alikouza samaki wakavu watu walimheshimu kwa uvumilivu ule. Aliyemwonea haya nilikuwa mimi, mtoto aliyemzaa.

Mchumba wangu alitoka katika familia ya makarani. Mama yake na dada zake wote walivaa peruki, zile nywele za dukani, na peruki siku hizo ndiyo ilikuwa heshima ya mama wa mjini. Siku mama mkwe alipomwona mama mara ya kwanza, aliniinamia sikioni akauliza, "Mama yako iko na ugonjwa?" Swali lile lilinipeleka dukani. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nikamletea mama peruki.

Aliitazama pale mezani, hakuigusa.

"Mutoto wangu, hiki kichwa haiko yangu peke yangu. Batu ya baba yako habajakuya bado."

"Habatakuya, mama! Miaka munane! Kama hautake kuivaa, bakia nyumbani. Sitake batu baseme mwenye kunizala ni mwendawazimu."

Nilisema hivyo, mwanangu. Kwa mdomo huu huu. Mama aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaichukua peruki mezani. "Sawa," akasema, basi.

Kesho yake tulitoka kanisani kwa vigelegele. Mama alisimama kando yangu na peruki yake, akitabasamu kwa ajili ya picha. Ndipo nikamwona shangazi Mwadi, dada mkubwa wa baba, akipenya katikati ya watu, vumbi la safari limemjaa miguuni. Gari la moshi lilikuwa limekwama Kamina siku mbili, naye alikuja moja kwa moja kutoka stesheni. Alitua kikapu chini. Ndani yake niliona chupa ya mawese na kikwembe kipya kilichokunjwa vizuri, nikaelewa papo hapo kwamba hakuja kwa ajili ya harusi peke yake.

Alikitazama kichwa cha mama, akakitazama tena.

"Numbi, nani alikutosha ku kilio?"

Vigelegele vilikoma. Mama akanigeukia. Hakuwa na hasira, alinitazama kama mtu anayekungoja useme. Maneno machache yangetosha: shangazi, ni mimi nilimlazimisha. Lakini mama mkwe alikuwa pale, na wageni wa mume wangu walikuwa pale, nami nikainamisha macho, nikaanza kutazama viatu vyangu vyeupe.

"Ni mi mwenyewe," mama akasema.

"Basi ndugu yetu alikufa mara mbili." Shangazi alikirudisha kikapu kichwani, akaenda zake bila kunywa hata maji.

Nilipokwenda kumsalimu mama wiki ile, nilimkuta na nywele zake fupi kama zamani. Hakunilaumu, si siku ile wala siku nyingine. Barua za Kabalo hazikuja tena. Mdogo wangu alipooa, hakuna baba mdogo hata mmoja aliyekuja kusimama naye, mama akakaa peke yake mbele ya wakwe kama mtu asiye na ukoo. Hata siku hiyo sikusema. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi yalinijia kabla sijapata mjukuu, nami nikayafungia mlango.

Miaka ikapita. Siku moja, mama alipokuja kututembelea, binti yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alirudi amekata nywele zote. Mama akashtuka, akaweka sahani chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, nkambo," akamjibu bibi yake. "Ni mode tu, mtindo wa sasa!"

Mama akacheka. Kisha akamshika yule mtoto kichwa kwa mikono miwili, akauliza taratibu, "Na ukitaka ziote, unaomba nani?"

"Siombe muntu. Ni zangu."

"Una bahati," mama akamwambia.

Usingizi ulinikimbia. Mwezi ule ule nikapanda gari la moshi kwenda Kabalo. Shangazi Mwadi alikuwa amezeeka, miguu imekataa kutembea. Nikapiga magoti, nikamweleza yote.

"Hayo maneno ulikuwa nayo siku ile," akasema. "Uliyabeba miaka yote hii, mama yako akabeba haya yako. Sasa nani kati yenu alichoka zaidi?"

Shangazi akampa binti yake mafuta na kikwembe, tukarudi pamoja. Wakamwosha mama uani kwetu, majirani wakiimba. Alilia kama mtoto.

Nywele zikaota, mwanangu, nyeupe na nyepesi. Nilimsuka mara mbili tu. Mvua za mwaka ule zilipokwisha, tukamzika.

Ninyi vijana zikateni nywele zenu, wala sitawakataza. Mambo yamebadilika, na mjane asionewe. Ila jambo ambalo mzazi wako analishika kwa uaminifu, usimwambie alivunje ili wewe upendeze mbele ya wageni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ukikosa, sema pale pale, mbele ya wale wale unaowaogopa, maana kosa la siku moja lingeoshwa siku moja, na ukimya wangu ulimla mama yangu miaka kumi na sita.

Mungu wa mababu zetu akubariki, mwanangu. Akupe kinywa chepesi kukiri, na wazazi wako awaache nawe siku nyingi. Enda salama.