Uso Uliolainishwa na Kamera

Picha huisha ndani ya kamera. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika mpiga picha mmoja tangu alipofungua studio yake, hata watu wakambandika jina la Papo Hapo. Kamera yake aliitega ing'arishe rangi na kulainisha ngozi yenyewe, kisha ihifadhi picha iliyokamilika tu. Ile picha ghafi, ambayo wenzake huitunza ili waitengeneze baadaye kwenye kompyuta, kwake ilikuwa mzigo. Mkewe, aliyekuwa akirekebisha picha za wateja chumba cha nyuma, hakuchoka kumwonya.

"Tunza ghafi, mume wangu. Akiba haiozi."

"Kaa na poda zako za kompyuta! Kamera yangu haisemi uongo."

Asubuhi moja mpwa wake, binti wa dada yake, aliingia amejitanda mtandio hadi puani. Alipouondoa, Papo Hapo alimsogelea. Shavu lilikuwa limevilia damu, na shingoni zilionekana alama za vidole.

"Nipige picha, mjomba, kabla hazijafifia. Nimemshtaki mume wangu. Zahanati siendi, dada yake ndiye muuguzi pale."

Alipiga harakaharaka, jicho moja mlangoni, akihofia yule mume asije akatokea. Kwa woga hakukumbuka kwamba kamera ilikuwa bado imetegwa kwa ajili ya maharusi. Akaificha kabatini, na hakuthubutu kuzitazama picha zile hadi kesi ilipokaribia.

Karatasi ilipotoka mashineni, aliisogeza kwenye mwanga. Shavu lilikuwa nyororo kama la bibi harusi. Shingo ilikuwa safi.

Mkewe alizikuza kwenye kompyuta, akavuta rangi huku na huku, kisha akaachia kipanya. "Hamna kitu. Kamera ilishatupa kila kitu. Maji yakimwagika hayazoleki."

Mpwa alikuwa amesimama nyuma yao, uso wake umeshapona.

"Basi zipakeni alama zile," alinong'ona. "Anti anaweza. Mjomba, si uliziona kwa macho yako?"

"Niliziona. Lakini nitaapaje juu ya majeraha niliyoyachora? Wakigundua, hata ukweli wako utaitwa uongo."

"Akiachiwa ataniua, mjomba. Unanisikia? Ataniua!"

Papo Hapo akashika kipanya. Alimtazama mkewe, na mkewe akatazama sakafu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kipanya. Akakiondoa.

Alifanya sawa. Hofu haihalalishi ushahidi wa kughushi. Lakini uaminifu wa siku moja haufuti uvivu wa miaka, uvivu ambao yeye aliuita uaminifu.

Mahakamani alieleza yote. Yule mume, aliyekaa mbele kabisa, alimkodolea macho bila kupepesa.

"Kwa hiyo wewe ni mpiga picha uliyeshindwa kupiga picha?" wakili wake aliuliza. Watu wakacheka.

"Nilishindwa," alijibu.

Hakimu akasema ushahidi hautoshi. Mume akaachiwa, akatoka akimpigia Papo Hapo saluti ya dhihaka.

Kabla jua halijazama mpwa alikuwa ameshahama na mwanawe mgongoni, bila kumwambia mtu aendako. Dada mtu akaja studio mara moja tu. "Ulikuwa na kamera mkononi, kaka," alisema, akaondoka.

Kanuni ile ilimnyima mpwa haki yake na mji wake. Mjomba ilimgharimu dada wa pekee aliyekuwa naye, na hadi leo hajui kama mpwa wake yu hai.