Jino Moja Lililopandisha Mkate Gorni Yasen

Saa moja asubuhi, barafu ingali imeganda kwenye kioo cha dirisha, na Raif Chaushev amelala chali chini ya gari la mkate. Gurudumu moja la mbele liko hewani juu ya jeki, jingine limekaa chini. Analizungusha lile la hewani kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, maana jingine likiwa chini miwili huhesabiwa mmoja, huku akiifuata kwa macho alama ya chaki aliyoichora kwenye propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli.

"Propela mara nne na nusu na ushee," anasema. "Ndiyo yenyewe. Tuhamie nyuma."

Anahamisha jeki, anarudia kwenye ekseli ya nyuma. Nne na nusu na ushee. Hapo ndipo anapotoka chini ya gari na kukubali kunywa chai.

Raif ana miaka hamsini na minne na ni fundi wa magari ya milimani hapa Rodopi, kusini mwa Bulgaria. Kuna mwezi anaingiza leva mia tisa za fedha yetu, kuna mwezi analipwa viazi na asali. Gari lililo mbele yake si lake. Ni la Nevena, mwanamke anayepeleka mkate, sukari na mafuta ya kula hadi Gorni Yasen, kitongoji kilichobakiwa na wazee saba tu juu kabisa ya korongo. Mmoja wa wazee hao ni Hatidzhe, mama mzazi wa Raif, na theluji ikianguka Raif hupanda na Nevena.

Msimu uliopita ekseli ya mbele ya gari hilo ilipasuka njiani, na kwa siku nyingi hakuna mkate uliofika juu. Emine, dada yake Raif anayeishi mjini Plovdiv, alikuja juu. Aliongea mara moja tu.

"Gari likishindwa tena, namchukua mama. Na usinibishie, Raif."

Basi kazi ikawa kutafuta ekseli. Na kijijini kwetu, ukisema unatafuta ekseli ya mbele, umeita baraza! Wanaume wa huku walitumikia jeshi mpakani, wakaendesha magari yenye ekseli za kijeshi, zile zilizoinuliwa juu kwa gia za ziada kwenye magurudumu. Hadi leo wakizitaja wanavua kofia.

Zdravko, jirani yake, alikuwa nayo moja kwenye banda la kuku. Ya mbele tu. Akamletea bure.

"Funga hii, bwana, uone gari linavyopanda kama mbuzi!"

"Na ya nyuma?"

"Ya nyuma ya nini? Ya mbele ndiyo inayofungua njia. Ya nyuma inafuata tu."

Hilo ndilo kosa letu, sisi watu wa bonde hili, na halituishi. Ekseli ya kijeshi inataka propela izunguke mara tano na zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja. Ya kawaida inataka nne na kitu. Ukiweka moja mbele na nyingine nyuma, ukavutisha magurudumu yote manne, mbele na nyuma vinagombana hadi kitu kivunjike. Nenda nyuma ya nyumba tatu za kijiji hiki utayakuta magari yaliyokufa hivyo, yameota majani.

Raif aliikataa. Na hata kama angepata pacha wake wa nyuma, anasema, angeikataa vilevile.

"Ile inanyanyua gari juu mno. Kule begani mwa mlima barabara imeinamia korongoni. Gari refu, limejaa mkate, theluji chini... Hapana. Mimi nataka lipande likiwa limechuchumaa."

Alichokichagua kiliwachekesha wengi. Ekseli ya kawaida, fupi, kutoka kwenye gari chakavu la watu wa misitu. Ndani yake gia kubwa ina meno thelathini na saba, ndogo ina manane. Katika ekseli ya nyuma ya gari la Nevena, gia ndogo ilikuwa na tisa, mwendo wa lami huo. Akaifumua difu ya nyuma, lile sanduku la gia katikati ya ekseli, akasaka gia ya meno manane mpaka ng'ambo ya mlima, akaifunga, mbele na nyuma zikawa sawa.

"Jino moja!" Zdravko alimcheka mbele ya watu. "Mwezi mzima unahangaikia jino moja! Wewe ni fundi au daktari wa meno?"

Leo theluji ya kwanza nzito imeanguka, na gari linaondoka. Nevena yuko kwenye usukani, Raif kando yake. Nyuma tumekaa mimi na Zdravko; yeye yuko juu ya gunia la sukari, amekuja kushuhudia aibu ya mwenzake, na hafichi.

Tunafika begani mwa mlima. Kushoto ni jabali, kulia hakuna kitu. Theluji imefunika hata kingo. Nevena anatia gia ya chini kabisa, magurudumu yote manne yanavuta.

"Toa mguu kwenye mafuta, Nevena," Raif anasema kwa sauti ya chini.

"Nitoe?"

"Toa, dada yangu. Liache."

Anatoa. Na gari, lahaula, linapanda lenyewe. Halitelezi, haliungurumi. Linapanda kama ng'ombe anayerudi zizini. Chini yetu kuna korongo zima na misonobari midogo kama vijiti vya kiberiti.

Tukishavuka, Zdravko anajikohoza.

"Raif," anasema, "umetisha."

Gorni Yasen wazee wanapokea mkate, wengine wanaubusu. Hatidzhe hayupo. Raif anamkuta mlangoni kwake, amekaa kwenye kigoda, amevaa koti, furushi limefungwa miguuni.

"Mama, mkate huu hapa. Unakwenda wapi?"

"Kwa Emine. Mbuzi nimeshampa Fatme."

"Lakini gari limefika!"

"Limefika leo. Mwanangu, unga ninao, mkate ningeoka mwenyewe. Lakini kila theluji ikianguka nakaa hapa nasikiliza kama umeanguka korongoni kwa ajili yangu. Sitaki tena."

Raif anauweka mkate kizingitini. Macho yanamjaa machozi. Kisha anamshika mkono, "Njoo ujionee linavyopanda," anampandisha kwenye kiti cha mbele, na Nevena anageuza gari. Wawili hao wanashuka hadi begani mwa mlima na kupanda tena, polepole vilevile, bila mguu kwenye mafuta. Raif nasi wengine tunasubiri barabarani.

"Ninachotaka ni mama akae kwake mpaka mwenyewe achoke," Raif ananiambia wakirudi. Anapanga kufunga gia kama hizo kwenye gari la mwalimu wa kijijini kwetu, ili Nevena akiugua kuwe na lingine.

Gari linasimama. Hatidzhe anashuka bila kusaidiwa, anakanyaga theluji hadi kwenye uzio wa jirani, anagonga kwa fimbo.

"Fatme! We Fatme! Nirudishie mbuzi wangu."