Mukwe Alikaa Karibu na Mulango

Ni mwaka ule tulikula bugali ya unga wa manjano, ule wa msaada, kwa sababu ziwa lilipanda likameza mashamba ya muhogo. Unga ulinuka gunia. Bugali yake haikamatani. Unaichovya kwenye sombe, majani ya muhogo, inakukimbia mukononi. Siku nyingine hata huo haukuwepo, tukachemsha maembe mabichi na chumvi. Hapa Kalemie ukitaja unga wa manjano, kila muntu anajua mwaka gani.

Mimi nakausha ndagala, samaki wadogo wa ziwa, tangu matiti yangu yalikuwa bado yanaangalia mbele. Mwaka ule mvua ilituozeshea samaki juu ya mchanga, basi sisi wamama kumi na wawili tukaomba shirika moja litujengee chanja zenye bati juu. Wakajibu: wageni watakuja, muntu mumoja asimame awaeleze, wakiguswa moyo, watajenga. Wenzangu wakanisukuma. "Wewe una mudomo!" Kweli ninao. Shule niliacha mwaka wa tatu, mudomo haukuacha.

Baba mumoja wa ofisi ya shirika, tunamwita papa wa biro, mwenye tai, akanifundisha siku tatu. "Simama wima, Mama. Usiangalie chini. Pitisha macho mustari kwa mustari, kila muntu ajione. Anza na maumivu, kisha uombe." Akanisomea maneno mpaka nikayashika: Nilikuwa silali na kitu tumboni. Wajukuu wangu walilia njaa. Si uongo. Nilivyoyasema vizuri, alipiga makofi peke yake kama kanisa nzima. Nilijivuna, sifichi.

Siku yenyewe sala, ule ukumbi wa mukutano, ilijaa. Nikashika mikro ya kukuza sauti, nikaanza kupitisha macho kama nilivyofundishwa. Wageni. Wakubwa wa mutaa. Watu wa bandari. Na mwisho wa mustari, karibu na mulango, mukwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza, amekaa kando ya chef wake, mukubwa wake wa kazi. Macho yangu yakaingia ndani ya macho yake.

Kwetu mama mukwe na mukwe hawaangaliani usoni. Tukikutana njiani, mumoja anapinda. Tangu amuoe binti yangu hajaniona nikitafuna. Salamu zake zinapita kwa mukewe. Nikashusha kichwa haraka.

"Macho juu, Mama," papa wa biro akanong'ona.

Macho juu kwenda wapi? Mulango ni mumoja, na miguu yake mirefu imelala pale njiani. Nitaruka miguu ya mukwe? Madirisha yana vyuma. Nyuma yangu meza, nyuma ya meza ukuta. Jasho likateremuka mpaka kwenye kiuno. Naye, masikini, alikuwa anahesabu kamba za viatu vyake. Hawezi kutoka mbele ya chef wake.

Nikaanza na mvua. Nikaeleza mchanga, funza, harufu inayokaa ndani ya nywele. Wageni walitikisa vichwa, mumoja akaandika. Nikaona nimepona.

"Vizuri," papa wa biro akawaambia. "Sasa Mama atawaelezea njaa ya nyumbani kwake."

Nikabana mikro kwenye midomo iliyofungwa.

"Amemeza mikro!" mwenzetu mumoja akapiga kelele nyuma, watu wakacheka. Mwingine akaniita kwa huruma: "Sema tu, Mama. Tumbo si aibu. Bati ndiyo tunataka!"

Wao wana mukwe wao pale? Muntu mwenye mushahara, mbele ya chef wake, asikie mama ya mukewe alichemsha maembe mabichi? Hiyo si hadithi ya njaa tena. Hiyo ni kumushitaki muntu ambaye hakujua, kwa sababu mimi mwenyewe nilimukataza binti yangu kumwambia. Na binti yangu atalala naye namna gani usiku ule?

Nikamuvuta papa wa biro kwa shati, nikamwambia sikioni, polepole:

"Mbele ya mukwe wangu sisemi njaa yangu."

Akatabasamu kama muntu anayebembeleza mutoto. Alifikiri ni woga. "Usiogope, Mama. Sema kwa nguvu, wote wasikie." Akasukuma mikro mpaka ikagonga meno yangu.

Wamama kumi na mumoja walinikazia macho. Bati zao zote zilikuwa ndani ya mudomo wangu. Nikasema ndani ya mikro, sala nzima isikie:

"Mbele ya mukwe wangu sisemi njaa yangu."