Mstari Nyuma ya Mama Vicent

Ukipanda bajaji ya Damiani pale stendi ya Babati, usimuulize habari za filamu. Nakuonya mapema. Ukisema tu, "Vipi, jana mliangalia nini?" umekwisha. Unafika kwako Nakwa, stelingi wa watu bado ananing'inia darajani, adui anamkanyaga vidole, na Damiani anakuambia, "Haya dada, umefika, shuka." Watu wazima na akili zao wamepitiliza mpaka Singe kwa ajili ya vidole hivyo, kisha wakarudi kwa miguu wakijilaumu.

Ni mtu wa Mbulu kwa kuzaliwa na wa Babati kwa kuzoea. Baba yake alitaka abaki na shamba la mahindi na maharage. Alilima, wala hakulima vibaya, lakini mkono ulikuwa kwenye jembe na mdomo ulikuwa kwa watu. Alipopata bajaji ndipo alipopata alichokuwa anakitafuta siku zote, yaani wasikilizaji watatu nyuma yake ambao hawana pa kukimbilia.

Kila Jumapili jioni utamkuta kwenye banda la Hilary, nyuma ya soko. Ni mabati, mabenchi, luninga moja kubwa na spika mbili zinazotetemesha misumari. Mabanda ya namna hiyo mjini wanayaita kibanda umiza, na anayebisha jina hilo akakalie benchi la Hilary filamu nzima ndipo aje tuzungumze. Wapenzi wa filamu wa hapo wana kikundi chao, na mwenyekiti wao ni Devotha, msusi, mwanamke asiyefanya mchezo na sheria. Majina halisi ya filamu hawayajui wala hayawasumbui. Wanazibatiza wenyewe: ile ya Darajani, ile ya Mapacha, ile ya Babu Panga.

Jumapili ya mwisho ya mwaka hawaangalii kitu. Siku hiyo wanapanga filamu bora za mwaka. Mwenye filamu yake anasimama mbele, anaisimulia mpaka mwisho na kuitetea. Wakishamaliza wote, watu wanatoka kwenye mabenchi na kujipanga nyuma ya yule aliyewagusa. Mwenye mstari mrefu kuliko yote, filamu yake ndiyo ya kwanza. Unaofuata, ya pili. Hivyo hivyo mpaka kumi. Hakuna karatasi, hakuna siri. Ukisimama nyuma ya mtu, banda zima linakuona umesimama nyuma ya nani. Filamu iliyoshika nafasi ya kwanza huonyeshwa tena siku ya mwaka mpya, bure, hata kwa wakorofi.

Sasa nikuambie habari za Mama Vicent. Jina lake ni Lukresia, anauza samaki wa ziwani pale sokoni, na ndiye mama pekee wa umri wake aliyekuwa akikaa benchi la mbele kwa Hilary. Alikuwa analia kwa sauti bila aibu, na adui akizidi ubaya alimtukana kwa Kiiraqw mpaka vijana wakaziba masikio. Damiani alipofika mjini hana hata godoro, ndiye aliyempa chumba cha uani na kumwekea chakula kila jioni mpaka aliposimama kwa miguu yake. Hajalisahau jambo hilo, na mimi namsifu, maana wengi tukishashiba tunaisahau sufuria.

Mwezi wa kumi Mama Vicent akaugua. Daktari alisema ni uvimbe tumboni, lazima apasuliwe, na asichelewe. Akakataa. Miaka ya nyuma dada yake alikwenda kupasuliwa akarudi kwenye sanda, na tangu hapo ukimtajia kisu cha hospitali ni kama umemtukania wazazi. Padri alikuja akasema naye. Vicent alipiga simu kutoka Arusha, akabembeleza mpaka akalia. Wapi!

"Nitakufa na tumbo langu lote," alisema, akageukia ukutani.

Damiani hakumsihi. Aliafikiana na kikundi, akafanya kile anachokiweza. Kila Jumapili akitoka bandani alipitia kwa Mama Vicent, Nakwa, akavuta kigoda karibu na kitanda, akamsimulia filamu ya siku hiyo.

Jumapili moja ya Majilio, Hilary akaonyesha filamu waliyoibatiza Mama Punda. Inatoka nchi ya milima huko mbali, imetafsiriwa kwa Kiswahili, na haina hata bunduki moja. Kuna mama mjane anayebebesha punda vyungu na kuvipeleka sokoni, apate kumsomesha binti yake. Anapata uvimbe. Binti anakwenda mji mwingine kumuuza punda ili mama atibiwe. Mama anaingia kwenye chumba cha upasuaji, na hatoki. Siku ile watu walitoka bandani kimya, na Mudy, fundi pikipiki mwenye mabega mapana kama kabati, alidai ameingiwa na vumbi macho yote mawili.

Damiani akaenda Nakwa moja kwa moja, akaanza kusimulia bila kufikiria mbele, kama kawaida yake. Alikuwa ameshamfikisha mama wa watu kwenye mlango wa chumba cha upasuaji alipomwona Mama Vicent amekamata blanketi kwa mikono miwili, hapepesi macho. Ndipo alipokumbuka kinachofuata. Wazee walisema mdomo uliponza kichwa, na sasa mdomo wake ulikuwa unakwenda kukiponza kichwa cha mwenzake.

"Enhe," alisema Mama Vicent. "Akafa?"

"Afe wapi!" Damiani alisema. "Stelingi gani anakufa? Wamemaliza kumshona, akafungua macho, akamwangalia muuguzi, akauliza, punda amekula?"

Mama Vicent alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaangalia dari.

"Kesho njoo na bajaji," alisema. "Nikachukue tarehe ya hospitali."

Akapewa Jumatatu ya kwanza ya Januari. Damiani alirudi kwake akamshukuru Mungu na kumwomba msamaha katika sala moja, akadhani mambo yamekwisha.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili ya kupanga filamu ilipofika, Mama Vicent alijisikia nafuu, akataka naye apelekwe bandani. Damiani akafurahi, akamwekea mto kwenye kiti. Wamefika katikati ya njia, mama akamwambia kwa nyuma, "Leo nina filamu yangu. Nasimama na Mama Punda." Bajaji nusura iingie mtaroni.

Ilipofika zamu ya mama, Mudy akanyoosha mkono. Yeye alikuwa anaitetea ile ya Babu Panga na hakutaka mpinzani. "Mwenyekiti, kwa heshima zote, sheria inasema anayesimamia filamu awe ameiona. Mama yetu alikuwa anaumwa."

Damiani, ambaye hajawahi kukubaliana na Mudy hata kuhusu hali ya hewa, alitikisa kichwa kuunga mkono. Aliomba moyoni Devotha awe mkali kama siku zote. Devotha akafikiri.

"Tulikubaliana wenyewe Damiani ampelekee filamu nyumbani," alisema. "Ameiona kwa masikio. Mama, endelea."

Mama Vicent akashika ukingo wa meza ya Hilary, akasimulia. Na alisimulia vizuri, jamani, kwa sababu alikuwa anasimulia maisha yake. Vyungu vilikuwa samaki, na binti alikuwa Vicent. Alipofika hospitalini sauti yake ikashuka. "Mama akaogopa sana," alisema, "lakini akaingia. Wakampasua. Akaamka, akauliza, punda amekula? Mimi nilikuwa nimekataa kupasuliwa, ninyi mnajua. Filamu hii ndiyo iliyonipa moyo. Jumatatu ya kwanza nakwenda. Ndiyo maana nasema ni ya kwanza mwaka huu, kwa sababu zile nyingine zimeniliza tu, hii imeninyanyua kitandani."

Kila mtu pale alikuwa ameuona mwisho wa filamu ile kwa macho yake, na kila mtu alimgeukia Damiani, naye alikuwa anaangalia viatu vyake. Mtu mmoja tu angetamka neno, "Mama, mbona yule alikufa?" na ile Jumatatu ingekuwa imekwenda na maji. Mudy alifungua kinywa.

Mudy akafunga kinywa. Akatoka pale mbele alikokuwa amesimama na filamu yake, akapita katikati ya mabenchi, akaenda kusimama nyuma ya Mama Vicent. Devotha akafuata. Kisha benchi la kwanza, la pili, mpaka mstari ukatoka nje ya mlango na kuzunguka banda. Babu Panga akabaki hana hata msimamizi.

"Wengi wape," alisema Devotha. Mama Punda ikawa ya kwanza. Baada ya hapo wakapanga zile tisa zilizobaki, lakini hakuna aliyekuwa na moyo nazo.

Hilary ndiye aliyekumbuka, watu wameshaanza kutoka na Mama Vicent ameshakaa kwenye bajaji. Filamu ya kwanza huonyeshwa mwaka mpya, na mwaka mpya ulikuwa unatangulia ile Jumatatu. Wakakubaliana haraka kwamba atasema flashi imeingia virusi.

Siku ya mwaka mpya Mama Vicent alikuja amevaa kitenge kipya, na beseni la samaki wa kukaanga la kuwashukuru wote. Hilary akasema uongo wake vibaya, akikwepa macho. Mama akapokea kwa upole.

"Basi haina neno," alisema. "Nilitaka tu niione kabla sijaenda. Mungu akiniita, niwe nimeiona."

Hapo Damiani akashindwa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, lakini aliona kwamba akimwacha mama yule aondoke na neno lile, hatajisamehe hata kama mama huyo atapona. "Weka, Hilary," alisema. "Weka filamu." Akaenda kukaa benchi la mbele. Wakati mama wa kwenye filamu anafika hospitalini, akamwinamia. "Mama Vicent, mwisho wake siyo ule."

"Nyamaza tuangalie," alijibu.

Daktari wa kwenye luninga akatoka, akatikisa kichwa. Hilary akazima bila kusubiri majina ya waigizaji. Damiani alikuwa analia waziwazi. "Nisamehe, mama. Nilikudanganya. Nakuomba, usiache kwenda."

"Ninyi wote mliiona hii?" Mama Vicent aliuliza bila kugeuka.

"Wote," alisema Devotha.

"Siku ile nasimama hapa, mlijua nimekosea."

"Tulijua."

"Na Mudy?"

"Nilijua, mama," alisema Mudy kutoka nyuma. "Nilisimama makusudi."

Ndipo alipogeuka akawaangalia, benchi kwa benchi. "Mmeona yule mama alivyoingia?" alisema. "Na kikapu chake tu. Binti yuko mbali na punda, majirani hawana habari. Na dada yangu hivyo hivyo. Tulimfikisha mlangoni tukarudi kuwahi mvua ya kupanda. Hicho ndicho nilichokuwa ninakiogopa, siyo kisu. Mimi nimepata watu wa kusimama nyuma yangu wakati wanajua ninachosema si kweli. Watu wa namna hiyo wataniacha mlangoni?" Akajifuta uso kwa kitenge. "Asanteni. Mungu awakumbuke kama mlivyonikumbuka. Damiani, Jumatatu uje mapema. Na haya machozi myaache, samaki wanapoa."

Jumatatu walikwenda kwa bajaji, kwa pikipiki za Mudy, wengine kwa miguu. Vicent alikuwa amefika usiku kutoka Arusha. Mabenchi ya hospitali yakajaa, wakakaa kimya kuliko walivyowahi kukaa kwa Hilary. Ikapita adhuhuri. Muuguzi akatoka, akauliza ndugu wa Lukresia ni nani.

Wakasimama wote. Muuguzi akawaangalia mmoja mmoja, Mudy na kofia yake ya kiislamu, Devotha na mchirizi wa rangi ya nywele vidoleni, Hilary, Vicent, Damiani. "Ameamka," alisema. "Uvimbe umetoka wote. Mnaingia wawili wawili, na msinipigie kelele."

Vicent alimshika Damiani mkono, wakaingia pamoja. Mama alikuwa mnyonge, midomo imekauka, lakini macho yalikuwa yake. Damiani akavuta kiti. Akaanza, kwa mazoea, kutafuta cha kumsimulia.

"Wewe leo nyamaza," mama alimwambia. "Nasimulia mimi."

Akasimulia polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache: taa ya chumbani ilivyokuwa, daktari alivyomsalimia shikamoo, alivyohesabu majina ya watu waliokuwa kwenye benchi nje mpaka usingizi ukamchukua. Damiani, ambaye maisha yake yote hajamwacha mtu amalize sentensi, alimsikiliza mpaka mwisho.