Umeme Ghali wa Alasiri

Nyumbani kwa Refugio Barraza, upande wa magharibi wa Phoenix, mwenye amri alikuwa mkewe Elodia, na amri yake kubwa ilihusu umeme. Kuanzia saa kumi alasiri hadi saa moja jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, shirika la umeme hupandisha bei, kwa sababu ndipo watu wanaporudi kutoka kazini na kila nyumba inawasha kiyoyozi. Elodia aliapa kwamba katika saa hizo hawatapata senti yake hata moja. Wengine huapa kuacha pombe.

Mambo yalianza magoti ya Refugio yalipokataa kupanda ngazi. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, lami ya moto miguuni na jua la jangwani kichwani, na alipoiacha kazi walibaki na pensheni ya kubana. Elodia hakulia. Aliisoma karatasi ya bei za shirika mara moja tu, akaikunja, akaipindua nyumba nzima. Maharage yakawa yanapikwa alfajiri. Nguo zikawa zinafuliwa kabla ya chai. Kiyoyozi kilinguruma tangu asubuhi mpaka Refugio akavaa sweta katikati ya Julai, na ikifika saa kumi Elodia alikizima kwa kidole chake mwenyewe, akashusha mapazia, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo. Baridi iliyobaki ndani ilitakiwa iwafikishe jioni, na miaka ya mwanzo iliwafikisha vizuri tu. Kanisani Elodia aliwasimulia wenzake mpaka wakawa wanamkwepa.

Na usidhani zilikuwa saa za mateso. Walikaa kwenye ujia wa katikati ya nyumba, pasipo na dirisha, kila mmoja na kiti chake cha jikoni, wakacheza karata. Elodia alikuwa mwizi wa karata asiye na haya.

"Hiyo umeitoa wapi?" Refugio aliuliza.

"Nimegawiwa na Mungu."

"Mungu gani huyo anayeficha karata chini ya paja?"

"Kwani wewe ulikuwa unatazama paja au karata, mzee?"

Refugio alicheka mpaka akakohoa. Miaka yote ile ya mapaa alirudi nyumbani akiwa hoi, akala, akalala. Hakuwahi kukaa na mkewe hivi, wakiwa wawili tu, bila televisheni, bila kazi ya kusingizia. Hakumwambia mtu, lakini umeme ule wa ghali aliupenda. Ulimrudishia mke.

Lakini nyumba huzeeka, na watu huzeeka nayo. Paa la fundi wa mapaa lilichakaa, na mwenyewe hakuweza tena kulipanda. Baridi ikawa inatoroka mapema. Saa kumi na moja haijafika, ujia umeshapata joto, na Elodia, aliyekuwa sasa anameza vidonge vya presha, alikuwa akiinuka anashika ukuta kwanza.

"Tuwashe kidogo, mke wangu. Nusu saa tu."

"Hiyo nusu saa ndiyo wanayoivizia. Kaa chini."

Refugio angeweza kubonyeza mwenyewe. Kitufe kilikuwa pale pale ukutani, hakina kufuli. Hakubonyeza. Alimwogopa mkewe kidogo, huo ndio ukweli, lakini zaidi ya woga alikuwa na huruma. Elodia hakuweza tena kufuma wala kusoma maandishi madogo. Hata kwenda kanisani alikuwa anabebwa na gari la mtu. Kilichobaki anachokishinda ni bili ya umeme, na Refugio hakuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Ikaja Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo Marekani ni sikukuu ya wafanyakazi. Asiyekuwa na kazi hana sikukuu, na kwa wazee wale wawili Jumatatu ilikuwa Jumatatu. Mchana Elodia alichungulia dirishani, akamwona jirani yao Ofelia anachoma nyama uani pamoja na wanawe, watu wazima.

"Tazama majitu yale," alisema. "Siku ya kazi, yako nyumbani yanakula. Watu wa siku hizi hawajui jasho."

"Yaache yajilie," alisema Refugio.

Ilipofika saa kumi Elodia akazima. Nje jua lilikuwa kali kiasi cha kumfanya mbwa asikubali kukanyaga lami. Wakagawana karata. Refugio alicheza mchezo wa kwanza akashinda, akacheza wa pili akashinda tena, na hapo akaingiwa na hofu, kwa sababu Elodia hakuwa ameiba hata mara moja.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Gawa."

Alimgusa shavu. Lilikuwa la moto na kavu kabisa, halina hata tone la jasho. Akaenda kulowesha taulo, na aliporudi Elodia alimwita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani, akamuuliza kama mbuzi wamerudi. Refugio akakibonyeza kile kitufe kwa ngumi. Kiyoyozi kikaanza kunguruma, na wakati huo huo Elodia akateleza kwenye kiti taratibu mpaka sakafuni.

Alitoka mbio kwa magoti yale yale mabovu, akabisha kwa Ofelia. Mlango ulipofunguliwa baridi ilimpiga usoni.

"Nipigieni gari la wagonjwa. Elodia kaanguka."

Mmoja wa wale wanawe akashika simu, Ofelia akajaza barafu kwenye sufuria. Refugio alisimama mlangoni, na likamtoka swali ambalo hata yeye hakulitarajia.

"Mbona kwenu baridi saa hizi?"

"Leo si sikukuu, Mzee Refugio? Siku ya sikukuu bei haipandi. Tumewasha tangu asubuhi," alisema Ofelia, huku anampita na ile barafu.

Elodia hakufa. Wakati mwingine Refugio alidhani ingekuwa nafuu, kisha akajiona mwovu kwa kuwaza hivyo. Daktari alisema joto limeudhuru ubongo, na kwamba mgonjwa wa namna hii hawezi kutunzwa na mzee wa magoti mabovu. Akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ambako kiyoyozi hakizimwi mchana wala usiku na hakuna anayeuliza bei.

Kila alasiri Refugio alipanda basi kwenda kumtazama, na kila alasiri alikwenda amekusudia kumwambia kwamba siku ile bei haikupanda. Ile karatasi ya bei aliitafuta nyumbani akaikuta, na mambo ya sikukuu yalikuwamo, yameandikwa chini kabisa. Alitaka kugombezwa. Alitaka Elodia amwambie, wewe mwanamume mzima huna hata kalenda? Hakuna mwingine duniani aliyekuwa na haki hiyo, na lile neno lilikuwa linamla ndani. Lakini siku nyingi Elodia hakumjua, akadhani ni daktari, na Refugio akarudi nalo.

Siku moja akamkuta macho yake yana mwanga.

"Saa ngapi saa hizi, mzee?"

Refugio alisogea karibu; leo alikuwa ametambuliwa. "Saa kumi na moja."

"Umezima?"

Alivuta kiti, akamshika mkono. "Elodia, kuna jambo. Siku ile—"

Elodia hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameinua mkono wa pili, ameuacha hewani, anaupapasa ule ubaridi polepole kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Saa kumi na moja, tumezima, na bado baridi," alisema. "Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia, mke wangu."

"Huyo Ofelia anaunguza hela zake bure."

"Bure kabisa," alisema Refugio, akamfunika blanketi mpaka mabegani, maana alikuwa anatetemeka.