Bendeji Ambayo Sikuifungua

Wenzangu, mguu wa baba mkwe wangu umekatwa kwa sababu yangu. Daktari ndiye aliyeshika msumeno, lakini mkosaji ni mimi, na leo nimechoka kunyamaza!

Jina langu msilitafute. Jueni tu kwamba nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali ndogo ya misheni, huku kwetu milimani kati ya Kisii na Nyamira, miaka michache baada ya vita vikuu vya pili kwisha.

Walimu wetu walikuwa wawili: Sista Elsa, Mzungu kutoka Uswidi, na Sista Namuli, Mganda. Jamani, Sista Elsa nilimpenda kupita kiasi! Nilitembea kama yeye, hata kukohoa nilikohoa kama yeye. Alizoea kusema, "Wodini hakuna mwanamume wala mwanamke, kuna mgonjwa tu," nami nikawa nawatupia wenzangu maneno hayo kila walipoona haya.

Sista Namuli nilimdharau. Kila alipomfikia mzee kitandani alipiga magoti, akamsalimu, ndipo akamgusa. Mimi pembeni nacheka: muuguzi gani huyo wa kupiga magoti?

Basi siku moja akaletwa mgonjwa aliyejikata kwa shoka akipasua kuni. Jeraha lilikuwa pajani, juu ya goti. Nilipoona uso wake nusura niangushe beseni. Alikuwa baba wa mchumba wangu! Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika kwetu, tulingoja mavuno tu tufunge ndoa.

Nyinyi msio Wakisii labda hamjui. Kwetu kuna chinsoni, yaani haya na heshima baina ya wakwe. Mke wa mwana hamshiki mkono baba mkwe, haingii anapolala, sembuse kumfunua nguo!

Sista Elsa hakujua lolote. Alikishona kidonda, akakifunga kwa mikono yake, kisha akanigeukia.

"Huyu nakupa wewe, maana wewe ndiye ninayekuamini. Asubuhi na jioni fungua, osha, funga tena. Ukiona wekundu au ukisikia harufu, niite mara moja."

Ningesema! Neno moja tu! Dresa wetu wa kufunga vidonda, Momanyi, alikuwa chumba cha pili, mwanamume mzima, angeifanya kazi hiyo bila taabu. Lakini mimi niliyewacheka wenzangu ningeanzia wapi? Nikajibu, "Ndiyo, Sista."

Nikaingia nyuma ya pazia na beseni langu. Baba mkwe alinitambua, akageuza uso ukutani. Nami nikageuza wangu dirishani. Nikaingiza mikono majini, nikayachezeachezea ili walio nje wasikie, halafu nikatoka.

"Vipi?" Sista Elsa akauliza.

"Kidonda ni safi, Sista."

Uongo huo niliurudia jioni, na kesho yake, na kesho kutwa. Chakula hakishuki, usingizi hauji, na bado mdomo sikuufungua!

Kisha harufu ikaanza. Nilijua ni ya nini, tulifundishwa. Na mnajua nilifanya nini? Nilifungua dirisha! Mzee anatetemeka kwa homa, meno yanagongana, nami nikamvutia blanketi hadi shingoni, nikajiambia nitasema baada ya chakula cha mchana.

Sikuwahi. Walimu wote wawili walipita, na Sista Elsa akasimama ghafla pale pale. Akavuta pazia, akafunua blanketi. Macho yangu yalikuwa sakafuni.

"Fundo hili ni langu," alisema polepole. "Nililifunga mwenyewe siku ile."

Nilingoja kofi. Afadhali angenipiga! Lakini aliyesema ni mzee, kwa sauti iliyokauka.

"Msimgombeze mokamwana. Yeye ni mke wa mwanangu. Ameniheshimu."

Sista Namuli alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda. "Tata, baba yangu, nipe ruhusa," akamwambia, na mzee akaitikia kwa kichwa. Bendeji ilipofunguliwa, sote tuliona. Mguu ulikuwa umeoza. Ulikatwa jioni hiyo hiyo.

Nilijificha nyuma ya jiko la hospitali nikalia. Walimu wangu wakanifuata huko.

"Kwetu Buganda pia mke wa mwana hamgusi mkwe," Sista Namuli aliniambia. "Ungeanza tu kusema, mwanangu, ningekuelewa kabla hujamaliza."

Macho ya Sista Elsa yalikuwa mekundu. "Baba yangu alipougua, mimi sikuweza kumwosha. Nilimwita mwenzangu. Yale maneno ninayowaambia wodini, najipa moyo mimi mwenyewe. Kwa nini hukuniuliza?"

Akanivua kofia ya uuguzi kichwani, taratibu, wala hakunikemea. Kesho yake nilishika njia ya nyumbani.

Nilidhani na uchumba umekufa. Wapi! Mzee mwenyewe ndiye aliyekataa usivunjwe. "Msichana mwenye adabu hivyo mtampata wapi?" aliwauliza watu wake. Nikaolewa.

Sasa kila asubuhi nasikia mkongojo wake ukipita nyuma ya jiko langu. Wageni wakija, huwasimulia uani jinsi mke wa mwanawe alivyomstahi hata hospitalini. Wananisifu, machozi yananitoka, nami nasingizia moshi wa kuni.

Nyinyi mnaofundishwa uuguzi, nawasihi! Mwigeni mwalimu wenu, lakini kwanza muulizeni yeye hufanyaje anapoona haya. Mwalimu asiyeona haya hayupo, awe Mzungu, awe Mganda, awe wa kwetu. Semeni "siwezi" mapema, mgonjwa akiwa bado na miguu miwili!

Mimi nimechelewa. Hata msamaha siwezi kumwomba, maana itanibidi nitaje paja lake, na mke wa mwana halitaji. Ndiyo maana nimewaambia nyinyi.