Tairi Tulilopima Kwenye Foleni

Nilipohamia Tunduma kutoka shule ya kijijini kule Mbozi, nilipewa darasa la sita lililojaa hadi watoto wa nyuma wakawa wanakaa sakafuni na kuandikia mapajani. Vitabu vya hesabu havikutosha hata kwa kugawana. Nilichora duara ubaoni, nikaeleza mzingo na kipenyo, nikageuka na kukuta nyuso zimepoa kama za watu wanaosikiliza tangazo lisilowahusu. Siku moja nikachoka. Nikawaambia, "Simameni. Tunatoka nje."

Mwanzo hatukufika mbali. Tulipima kivuli cha mlingoti wa bendera, tukapata urefu wake bila mtu kuupanda. Tulijaza maji kwenye kisado na kuyamimina kwenye debe la jikoni ili tuone kisado kinaingia mara ngapi kwenye debe. Tuliutazama ukuta wa choo, tukabishana kama pembe yake ni ya mraba au imeshaanza kulala. Kila kikundi kilikuwa na kamba ya katani niliyoipiga mafundo, kipande cha chaki na daftari moja. Watoto ambao ndani walikuwa kama wamelala, huko nje walinyang'anyana kamba.

Kati yao alikuwamo msichana mmoja mrefu, mkimya, mwepesi wa kukokotoa kuliko wote. Juu ya paji la uso alikuwa na baka la nywele nyeupe, jeupe kabisa, kama mtu aliyechungulia kwenye gunia la unga. Alizaliwa nalo. Shuleni nywele hukatwa fupi, lakini baka lile halikufichika. Wenzake walimtania mpaka wakachoka wenyewe. Nilipomuuliza mara ya kwanza, alijibu bila haya:

"Ni la baba, Madam. Na yeye alikuwa nalo. Alifariki."

Habari hiyo niliikuta mtaani pia. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa. Ilisemekana gari lake liliungua huko Kongo, binti akiwa bado mdogo, akazikwa hukohuko, na mkewe akaweka msiba bila mwili. Kina mama wa kanisani kwao walilala kwake, wakampikia, wakamlilia. Tangu hapo aliishi kwa kuuza nyanya sokoni, na watu walinunua kwake kwanza, kwa sababu ni mjane.

Ilipofika mada ya duara, nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuwapeleka watoto kando ya barabara kuu. Kwetu Tunduma malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia hupanga foleni ndefu, yakasimama siku kadhaa bila kusogea. Nilikuwa nikipita pale kila asubuhi nikiwaza kwamba maduara yote yale yamesimama tu, bure.

"Msivuke barabara," mwalimu mkuu aliniambia. "Na dereva akikataa, mnarudi."

Ilikuwa Juni, upepo wa baridi unapeperusha vumbi na makaratasi. Madereva wa Kizambia walitusalimia kwa Kibemba, "Mulishani!", watoto wakajibu kwa kelele. Karibu kila lori lilikuwa limelalia tairi zake, na kamba haiwezi kupita chini ya tairi lililokanyaga ardhi. Tulitembea mpaka tukamkuta dereva mmoja aliyepata pancha. Tairi alikuwa ameshalifungua, limelala kwenye nyasi, naye anahangaika na jeki. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi.

Watoto wakamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kunisaidia au kunicheka?"

Nilimweleza shida yetu. Akacheka. Akaacha jeki, akalisimamisha tairi na kulishikilia kwa magoti ili watoto wapitishe kamba. Alikuwa na utani mwingi. Aliwaambia kwamba tairi hilo limetembea nchi nyingi kuliko mwalimu wao. Akawauliza, likizunguka mara moja tu, litafika wapi? Wakabishana. Wakachora mstari wa chaki kwenye mpira, akalivingirisha polepole kwenye lami ya pembeni, nao wakamfuata wameinama. Nikasimama pale nikifurahi. Somo nililohangaika nalo wiki nzima lilikuwa linaingia lenyewe.

Msichana wangu ndiye aliyekuwa anaandika. Alikuwa amechuchumaa karibu na tairi, daftari gotini.

Kazi ile ilimtoa jasho yule bwana pamoja na baridi yote. Akavua kofia, akajifuta uso kwa kiganja.

Mvulana mmoja ndiye aliyeona kwanza. Akapiga kelele kwa furaha, kama mtu aliyepata jibu:

"Madam! Ana baka kama la huyu!"

Wote wakatazama. Juu ya paji la uso la yule mtu, upande uleule, palikuwa na nywele nyeupe, zimekaa umbo lilelile. Watoto wakaanza kucheka, wakawanyooshea vidole wote wawili. Msichana akainua kichwa. Yule bwana naye akamtazama, kwanza kwa kicheko kilichobaki mdomoni, kisha bila kicheko.

"Unaitwa nani?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

Msichana akataja jina lake. Ni jina la kizee, la bibi, ambalo watoto wa siku hizi hawapewi isipokuwa wanarithishwa.

Yule bwana akavaa kofia yake. Aliivuta mpaka ikafunika masikio. Akalilaza tairi chini, akaniambia bila kunitazama, "Mwalimu, kazi inanisubiri. Wapeleke watoto."

"Baba," msichana akasema. Kwa Kiswahili chetu mtu mzima yeyote ni baba, kwa hiyo neno lile lingeweza kupita hivihivi. Lakini hakuna aliyelisikia hivyo. Kicheko kilikatika.

Yule bwana akainamia jeki yake.

Niliwapanga mistari tukaondoka. Njiani msichana alitembea karibu nami, daftari amelikumbatia. Tulipokaribia geti aliniuliza, "Madam, mtu akifa, alama yake inaweza kuota kwa mtu mwingine?"

Nilikuwa mwalimu wa kuwa na majibu. Nilimwambia tu, "Tutaongea na mama."

Baada ya kipindi cha mwisho nilikwenda sokoni, nikitaka kufika kabla ya maneno. Maneno yalikuwa yamenitangulia. Mama yake alikuwa amekaa nyuma ya nyanya zake, mikono mitupu, wala hapangi wala haiti mteja. Msichana amesimama pembeni na sare yake.

"Mwalimu," mama akaniambia, "ni nani aliyekutuma ukapime malori?"

Nikaanza kueleza habari za duara. Alinyanyua mkono kunizuia.

"Hakufa," akasema. Alisema mbele ya binti yake, bila kushusha sauti. "Alinitumia ujumbe kwamba nisimsubiri, amepata mtu huko mbele. Nikakaa nao siku mbili. Nikaona nikisema nimeachwa, mji mzima utanicheka, na mawifi watakuja kubeba vitanda. Aliyefiwa hupewa pole. Aliyeachwa anaulizwa alifanya nini. Basi nikalia, na watu walipouliza, nikasema gari limeungua."

Msichana alikuwa anamtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu anayezungumza lugha ngeni.

"Mama, mimi nilinyolewa," akasema. "Nilinyolewa kwa ajili ya msiba."

Mama alivuta kanga akajifunga upya kiunoni, akamwomba mwenye genge la jirani amtazamie mtoto na biashara. Kisha akaniambia, "Nipeleke. Nikienda peke yangu nitarudia njiani."

Foleni haikuwa imesogea. Yule bwana alikuwa ameshafunga tairi, amekaa kwenye ngazi ya kichwa cha lori anakunywa chai. Alipotuona aliweka kikombe chini polepole. Wala hakukimbia. Nadhani alikuwa anamsubiri.

"Mke wangu," akaanza.

"Usiniite mke. Mimi ni mjane."

Lori la nyuma liliwasha injini, likazima tena.

"Nilisikia," akasema hatimaye. "Mwaka uleule. Wenzangu walinikuta Lusaka wakashtuka, wakaniambia wamenichangia rambirambi. Nikajua umenizika. Nikawaomba wasiseme, nikaona, basi, kama umeshanizika, nikae humohumo."

"Na mtoto?"

"Nikipita hapa hufunga vioo."

"Nimekuuliza mtoto."

Akatazama mikono yake iliyojaa grisi. "Amekuwa mkubwa," akasema. "Anaandika vizuri."

Nilidhani mama angempiga. Nilikuwa tayari kumshika. Badala yake alikohoa, akakaa kwenye jiwe kando ya barabara kama mtu aliyetembea kutoka mbali sana. Alilia kwa muda. Yule bwana alishuka ngazi, akasimama karibu naye, akanyoosha mkono kisha akaurudisha. Akaomba aletewe mtoto amuone.

"Ameshakuona," mama akasema. Akainuka tukarudi.

Kesho yake foleni ilikwenda, lori likavuka.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko siku yenyewe. Kina mama waliolala msibani walijiona wamechezewa machozi yao. Sikuwalaumu, kuna mmoja aliyetembea kwa miguu kutoka kijijini na kuku kichwani ili amfariji. Kanisani mama wa binti alisimamishwa kwaya, akatakiwa aungame mbele ya watu. Aliungama. Lakini kuungama hakukurudisha wateja. Nilipita sokoni nikakuta nyanya zinaoza mbele yake huku genge la jirani limejaa. Nilinunua nyingi kuliko nilizoweza kupika, naye alizipima bila kunitazama.

Shuleni watoto walimwita binti "mtoto wa marehemu." Niliwakanya, nikawachapa mbili tatu, ikawa wanasema kwa kunong'ona. Yeye akaacha kunyoosha mkono darasani. Asubuhi moja alikuja ameinamisha kichwa, amekifunga kitambaa, jambo lisiloruhusiwa. Nilimpeleka ofisini nikakifungua. Alikuwa amejipaka kanta, dawa ya kina mama ya kuficha mvi, tena aliipaka bila kuichanganya inavyotakiwa na kuiacha usiku kucha. Baka lilikuwa jeusi. Ngozi ya paji la uso ilikuwa imeungua, imetoa malengelenge na kuanza kuvuja maji.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Hapana."

Nilimwosha kwa maji ya kisima, taratibu, na yeye akashikilia ukingo wa meza mpaka vidole vikabadilika rangi. Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alinifokea mimi, akidhani ni mwanangu.

Wiki iliyofuata hawakuwapo. Mama alikuwa amefunga chumba na kwenda kwa kaka yake Galula, kule chini kwenye joto, bila barua ya uhamisho wala kuaga. Mwalimu mkuu aliniita akasema hesabu za nje ziishie ndani ya uzio. Alisema kwa upole. Nilikubali. Tulirudi kwenye mlingoti na debe, na watoto waliendelea kufurahi, maana watoto husahau. Mimi nilikuwa nikisimama uwanjani nikiwatazama wanavyopima.

Likizo ya mwaka uliofuata nilikwenda Galula. Nilibadilisha magari, kisha nikapanda bodaboda iliyonipitisha kwenye mashamba ya mpunga na mashimo ya wachimba dhahabu. Niliwakuta. Mama alikuwa amekonda, lakini alinipokea vizuri, akasonga ugali, akakaanga dagaa. Tuliongea habari za mvua. Binti aliniamkia, akaninawisha mikono, akaenda kukaa nje. Shule aliiacha. Alikuwa anamsaidia mjomba wake kuosha mchanga wa dhahabu; viganja vyake vilikuwa vigumu na vimechanika. Nilipogusia kurudi shule, mama alisema, "Aliomba mwenyewe asiende," na tukarudi kwenye mvua.

Jua lilipoanza kupungua ukali, binti alinisindikiza hadi barabarani. Tulisimama tukisubiri bodaboda. Hapo ndipo aliposema, akitazama vumbi la njia:

"Baba alikuja huku."

"Lini?"

"Wakati wa kuvuna. Alikuja na pikipiki ya kukodi. Alileta nguo na viatu. Aliuliza kama mama yupo."

"Ukamwambiaje?"

"Mama alikuwa ndani, amelala, ana homa. Nilimwambia amefariki."

Nilimgeukia. Uso wake ulikuwa mtulivu, kama nilivyouzoea akiwa amemaliza hesabu mbele ya wenzake na anasubiri isahihishwe.

"Alilia?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Alikaa chini. Aliuliza kaburi liko wapi, nikamwonyesha upande wa mto. Alienda akarudi, hakuona kitu, lakini hakuniuliza tena. Akaacha viatu, akaondoka." Alitazama nyuma, kuelekea nyumbani. "Mama hajui. Usimwambie, Madam."

Bodaboda ilifika. Kijana aliyeiendesha alitaka tuwahi kabla giza halijatukuta barabarani, akawa anapiga honi. Nilimshika binti bega, nikataka kusema jambo la mwalimu, au la mama, lolote lile. Aliutoa mkono wangu taratibu, akaniaga kwa adabu, akageuka kurudi nyumbani kumwangalia mama yake.